Kuitoa /bin bila kuijeruhi /usr/bin

Swahiba yangu,

Salaam sana. Barua yako nimeipata, na kicheko kimenitoka pale uliposema ulijaribu kuiondoa /bin kwenye PATH (orodha ya saraka, yaani folda, ambamo Linux hutafuta programu) kwa sed, programu ya kubadilisha maandishi, na sasa hata ls, amri ya kuonyesha yaliyomo kwenye saraka, imekukimbia. Usihofu, hakuna faili iliyopotea. Funga terminali ufungue nyingine. PATH itarudi kama ilivyokuwa, maadamu hukuigusa .bashrc, faili ya mipangilio inayosomwa terminali ifunguliwapo.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Kwenye Fedora tangu 2012, na Debian ikafuata (zote ni aina za Linux), /bin ni kiungo tu cha kwenda /usr/bin, kwa hiyo kuziorodhesha zote mbili ni kurudia. Tatizo ni kwamba uliiagiza sed ifute /bin popote iionapo, nayo ikatii: /usr/local/bin:/usr/bin:/bin ikageuka /usr/local:/usr: basi. Rejeksi, yaani mchoro wa kutafutia maandishi, haijui orodha ni nini, inaona herufi zimefuatana tu. Na usikimbilie \b (alama ya mpaka wa neno) kama wengi wafanyavyo, maana /bin\b inaikamata /usr/bin vilevile.

Mimi kilichonishtua zaidi ni ile nukta pacha (:), kitenganishi cha saraka, iliyobaki mwishoni. Ndani ya PATH, nafasi tupu, iwe mwanzoni, mwishoni au kati ya nukta pacha mbili, maana yake ni saraka uliyomo wakati huo. Sasa fikiria uko kwenye saraka ya vitu ulivyopakua, mna programu ya hila mtu kaiita ls. Ls halisi haionekani tena, basi itakayoendeshwa ni hiyo.

Ninavyofanya mimi, kwanza naizungushia orodha nzima nukta pacha, ili kila kipengele, hata cha kwanza na cha mwisho, kiwe nayo kushoto na kulia:

echo ":$PATH:" | sed -e ':a' -e 's#:/bin:#:#' -e 'ta' -e 's#^:##' -e 's#:$##'

Nukta pacha mbili zinaondoka na /bin, moja inarudishwa. Amri mbili za mwisho zinavua zile tulizoongeza. Utauliza, ya nini kuzunguka na ta (inayorudi kwenye :a kila badiliko likifanikiwa) wakati g (badilisha kila mahali) ipo? Kwa sababu ukiwa na /bin:/bin zimeshikana, zinagawana nukta pacha ya katikati; ya kwanza ikishaichukua, ya pili haina pa kuanzia, na g inaipita.

Kwenye Python ni rahisi, kwa kuwa unaweza kuchungulia herufi inayofuata bila kuila (humu njia ni jina la maandishi ya PATH):

re.sub(r'(^|:)/bin(?=:|$)', '', njia).lstrip(':')

Siku utakayotaka kuondoa kitu kama /opt/java-1.8/bin, ile nukta iandike 1\.8, la sivyo itakubali herufi yoyote mahali pake. Python ina re.escape ya kukufanyia hivyo. Sed haina, uandike mwenyewe.

Amri yangu inachapisha tu, haibadilishi kitu. Soma jibu lake kwa macho yako kabla hujaliingiza kwenye PATH.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na uniandikie ukishajaribu.

Wako,
Swahiba