Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Kinachosemwa laivu kihifadhiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Dodoma.

YAH: KANUNI ZA KUUZA BIDHAA LAIVU MTANDAONI

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga, ambako nauza madera, mashuka na vitenge. Zamani mteja wangu alikuwa mtu wa Makorora, Chumbageni au Pongwe aliyepita dukani, akashika kitambaa, akabishana bei. Siku hizi wateja wangu wengi sijapata kuwaona kwa macho. Wako Dodoma, Mwanza, Songea, na hununua usiku baada ya isha, wakati mimi niko laivu, yaani naonyesha na kuuza kwa video ya moja kwa moja mtandaoni. Biashara hii inalisha nyumba nyingi katika mji wetu, na nyingi ni nyumba zinazotegemea mwanamke. Inaharibika kwa jambo moja ambalo ofisi yako ina uwezo wa kulirekebisha: laivu ikishazimwa, kila kilichosemwa ndani yake kinapotea, na mteja aliyedanganywa anabaki hana pa kushika.

Naomba nikueleze inavyofanyika, maana sina hakika kama wanaotunga kanuni wamewahi kukaa nyuma ya simu hiyo. Simu inafungwa kwenye stendi, taa ya duara inawashwa, nguo zinapangwa kwa namba. Msaidizi anakaa pembeni na kaunta buku. Mwenye duka anainua dera, analivuta mikono, analigeuza ndani kuonyesha mshono, anasema: “Namba kumi na nne, pamba tupu, halichuji, elfu kumi na nane.” Wa kwanza kuandika “nachukua” kwenye komenti ndiye mwenye mali. Anapiga picha ya skrini, anahamia WhatsApp, anatumiwa lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, analipa, anarudisha ujumbe wa muamala. Asubuhi mzigo unafungwa, jina na namba ya simu vinaandikwa juu ya mfuko kwa maka peni, bodaboda anaupeleka stendi ya Kange, unapandishwa basi.

Sasa tazama, Mheshimiwa, ni maneno gani yaliyomtoa mteja pesa mfukoni. Ni “pamba tupu” na “halichuji”. Maneno hayo hayapo WhatsApp, hayapo kwenye ujumbe wa muamala, na hata risiti ikitolewa huandikwa “dera 1” basi. Yalisemwa kwa mdomo, watu mamia wakisikia, na baada ya dakika arobaini hakuna anayeweza kuyaonyesha.

Mteja wangu mmoja wa Muheza alitaka vitenge vya sare ya harusi ya binti yake, doti za shangazi zake wote. Mimi sikuwa na rangi aliyoitaka, akanunua kwenye laivu ya muuzaji mwingine aliyehakikisha kwamba ni waksi halisi, ya kufua na kufua. Mzigo ulipofika, doti ya juu ilikuwa nzuri. Zilizokuwa chini yake alizitia kwenye beseni kabla ya kuzipeleka kwa fundi, na maji yakageuka rangi ya damu ya mzee. Alipiga simu ikaita bila kupokelewa, kesho yake akakuta amezuiwa kabisa. Akaenda kituo cha polisi. Askari alimuuliza swali ambalo hata hakimu angemuuliza: ushahidi uko wapi? Alikuwa na ujumbe wa muamala wenye jina la mwanamume asiyemjua, na picha ya skrini ya dada ameshika kitambaa. Picha ile inaonyesha kitambaa. Haionyeshi kilichosemwa juu yake. Laivu yenyewe ilikuwa imekwisha kufutwa.

Hasara haikuishia kwake. Sisi tuliobaki tunailipa kila usiku. Nikianza tu kuuza, komenti zinajaa “dada tutakuaminije”, “tuliibiwa juzi”, “nalipa mzigo ukifika”. Hilo la kulipa mzigo ukifika linaonekana dogo kwa mtu wa ofisini, lakini kwetu ni zito. Natuma mzigo Mwanza kwa nauli yangu, mteja aliyeandika “nachukua” kwa furaha ya usiku anapoa asubuhi, hapokei simu, mzigo unakaa ofisi ya basi, kisha unarudi Tanga nao nikiulipia nauli tena. Dera la elfu kumi na nane likisafiri hivyo, faida yote imebaki barabarani. Wenzangu wawili wa mtaa huu wameacha laivu kwa sababu hiyo hiyo, na walikuwa watu waaminifu. Aliyeuza waksi feki yuko hewani mpaka leo kwa akaunti nyingine.

Wapo watakaosema sheria zipo tayari. Ni kweli zipo, na baadhi ni nzuri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa na mahali ilikotoka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi na kueleza bidhaa yake, inampa mnunuzi siku 7 za kughairi baada ya kupokea mzigo, na inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Kwa hiyo mama wa Muheza alikuwa na haki zote hizo mkononi. Kilichokosekana ni wajibu wa mtu yeyote kuitunza ile laivu. Mahakama iko tayari kuitazama video ambayo hakuna aliyelazimika kuihifadhi. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni rekodi ya laivu.

China, ambako biashara ya laivu ni kubwa kuliko kokote, waliliona tundu hili wakaliziba. Kanuni zao za biashara za mtandaoni zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2021 zinataka video ya laivu ya mauzo ihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 3 tangu laivu ilipokwisha. Tarehe 25 Mei mwaka huo huo zikaanza kanuni nyingine, zilizotolewa na idara 7 za serikali kwa pamoja: utambulisho wa anayeuza uhakikiwe, mtoto wa chini ya miaka 16 asiuze laivu, na kughushi idadi ya watazamaji na ya mauzo ni marufuku. Hili la mwisho nalipigia mstari. Hata hapa kwetu kuna laivu ambazo komenti za “nimepokea, mzuri sana” zinaandikwa na jamaa wa muuzaji waliokaa chumba cha pili.

Pia walishughulika na wale wanaokodiwa kuuzia wengine. Mwaka 2020 mtangazaji wao maarufu, Xin Youzhi, alinadi laivu kinywaji cha viota vya ndege, chakula cha bei kubwa kule, kikabainika kuwa kilikuwa karibu maji ya sukari matupu. Kinywaji hakikuwa chake. Hata hivyo mamlaka za Guangzhou ziliitoza kampuni yake faini ya yuani 900,000, kwa kuwa ndiyo iliyosimama mbele ya watu ikasifia. Nasi tunao watu wa jinsi hiyo sasa, wasanii na wadada wenye wafuasi wengi, wanaochukua ujira kuuza mali isiyo yao, na mteja akilalamika wanajibu “mimi nilitangaza tu”. Naomba kanuni iseme waziwazi: aliyelipwa kusifia bidhaa laivu anawajibika pamoja na mwenye bidhaa, kila mmoja kwa alichokisema.

Lakini hatuwezi kuziiga kanuni za China zilivyo, na hapa ndipo naomba wataalamu wako wawe makini. Kule mwenye wajibu wa kutunza video ni mtandao wenyewe, na mitandao hiyo mikubwa hushika pesa ya mnunuzi mpaka mzigo umfikie. Laivu ya Tanga haina mtu wa kati. Mtandao unaonyesha picha tu, makubaliano yanamalizikia WhatsApp, pesa inakwenda moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji. Kanuni itakayoulenga mtandao peke yake itakuwa inaulenga mlango ambao pesa haipiti. Mlango wenyewe ni lipa namba.

Kwa hiyo ninachoomba kwanza ni kwamba lipa namba itakayotumika iandikwe kwenye skrini muda wote wa laivu, pamoja na jina la biashara na la mmiliki, na jina litakalomtokea mteja anapolipa liwe hilo hilo. Laini za simu zilishasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mtu halisi anajulikana tayari kwa kampuni ya simu. Anayemkosa ni mnunuzi. Jina likilingana, ujumbe wa muamala unakuwa ushahidi wenye mtu nyuma yake.

Kuhusu rekodi yenyewe, mitandao inamruhusu mwenye akaunti kupakua laivu yake baada ya kuizima. Wajibu huo unaweza kuwekwa kwa muuzaji bila kumvunja mgongo. Miaka 3 ni mingi mno kwa mtu mwenye simu moja na bando la wiki. Mimi napendekeza miezi sita kwa mfanyabiashara mdogo, muda mrefu zaidi kwa makampuni na watangazaji wa kulipwa, na kwamba muuzaji akidaiwa akashindwa kuitoa rekodi, maneno ya mteja ndiyo yaaminiwe mpaka muuzaji athibitishe vingine. Na kwa asiyeweza hata hiyo miezi sita, iwepo njia ya pili ya halali: kabla ya kupokea pesa amtumie mteja ujumbe wa maandishi wenye namba ya bidhaa, bei, na sifa alizozitaja laivu. “Dera namba 14, pamba, halichuji, 18,000.” Msaidizi mwenye kaunta buku anaumaliza kwa nusu dakika. Mimi nimeanza kufanya hivyo, na maneno ya “tutakuaminije” yamepungua kwa wanaonijua.

Zile siku 7 nazo zinahitaji ufafanuzi kwa mazingira ya basi na bodaboda. Zianze kuhesabiwa mteja anapochukua mzigo ofisi ya basi, si unapofika. Akighairi kwa kuwa rangi haikumpendeza, nauli ya kurudisha iwe yake, kama sheria inavyosema. Lakini kitu kikiwa tofauti na kilivyoelezwa laivu, nauli zote mbili ziwe za muuzaji, na pesa irudi kwa namba ile ile iliyotoka. Kwa wenzetu wa mitumba, nguo iliyotoka kwenye robota ina historia yake. Inatosha muuzaji alazimike kuonyesha tundu, doa au zipu mbovu mbele ya kamera, na aliyeiona kasoro hiyo akainunua asiruhusiwe kuirudisha kwa kasoro hiyo.

Vipodozi vyenye zebaki na dawa za kuongeza maungo vinavyouzwa laivu ni suala la Shirika la Viwango (TBS) na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na makatazo yapo. Rekodi zikihifadhiwa, hata wao watapata pa kuanzia.

Nina hofu moja, na naisema kwa sababu wenzangu wengi wanayo. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, wapo wenye blogu waliofunga kwa sababu ya leseni na ada. Tunaogopa laivu isije ikachukuliwa kama kituo cha televisheni, mama anayeuza mashuka akadaiwa leseni ya utangazaji. Laivu yangu ni duka, na duka lina leseni ya biashara na namba ya mlipakodi tayari. Vilevile tusifuate njia ya Indonesia, ambayo Septemba 2023 ilizuia kabisa mauzo kufanyika ndani ya mitandao ya kijamii, na TikTok Shop, duka la ndani ya mtandao wa TikTok, ikafungwa kule tarehe 4 Oktoba. Wao walikuwa wanawalinda wafanyabiashara wadogo wa masokoni dhidi ya bidhaa za bei ya kutupa, na kwa hilo siwalaumu. Hapa Tanga huyo mfanyabiashara mdogo wa kulindwa ndiye aliye laivu. Ukimfungia, unamrudisha kusubiri wapita njia wa Ngamiani, nao hawatoshi kulipa kodi ya fremu.

Mheshimiwa, mengi ya haya hayahitaji sheria mpya Bungeni. Yanahitaji kanuni, na yanahitaji wizara yako ikae meza moja na wizara ya mawasiliano, Tume ya Ushindani na kampuni za simu, kwa kuwa kila mmoja ameshika kipande chake. Rasimu ikitoka, naomba iwe kwa Kiswahili, na wauzaji wa laivu wa Tanga tuitwe kuijadili kabla haijatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Asubuhi tunafunga mizigo mpaka mabasi ya Kange yaondoke. Kuanzia saa nne tunapatikana, na tutakuja wengi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa nguo,
Ngamiani, Tanga.