Barua kwa mwanangu: usiwaite wajinga

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi hapa Butembo tu wazima. Ila neno lako moja limenikaa moyoni. Umesema watu wa kwetu walioamini kuwa Ebola ni biashara walikuwa wajinga. Hapana, mwanangu. Ulikuwa mdogo, hukuyaona yote.

Tangu 2014, huku kwetu mashariki mwa Kongo, watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga, na msaada hauonekani. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na ghafla barabara zikajaa magari mapya, watu wa riposte, yaani waliokuja kupambana na Ebola, wakikodi nyumba kwa dola. Aliyemzika mtoto wake aliyekatwa panga akauliza: mbona kwa kifo hiki pesa zipo? Kisha Desemba, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ikatangaza kuwa sisi wa Beni na Butembo tutapiga kura Machi, kwa ajili ya Ebola na usalama. Na masoko na makanisa yalikuwa wazi! Kesho yake vijana wa Beni wakavamia kituo cha wagonjwa.

Swali lao lilikuwa la haki. Jibu lililozagaa mitaani, kwamba ugonjwa umebuniwa, ndilo lililoua. Wagonjwa walifichwa nyumbani, wakawaambukiza waliowauguza na waliowaosha. Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutuhudumia, alipigwa risasi akafa, hospitalini humu mjini. Ugonjwa ulipokwisha, Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Matusi hayakumbadilisha mtu. Watu walidai mifuko ya maiti ina mawe, viungo vimeuzwa. Ikaletwa mifuko yenye sehemu angavu ya kuonea uso. Jirani yetu mmoja aliinama, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, akamwita jina lake, kisha akawaruhusu wazishi wamchukue. Beni nako wagonjwa wakawekwa katika vyumba vya plastiki inayoonyesha, ndugu wakakaa nje wakiongea nao.

Sasa mama yako mdogo anasambaza kwenye simu ule ujumbe wa sauti wa kutisha watu kuhusu chanjo. Usimjibu kwenye kundi, utamwaibisha. Mpigie simu jioni akishafunga duka. Muulize kaipata kwa nani na kinachomtisha ni nini, umwache amalize, ndipo umweleze unayosoma huko chuoni. Wewe atakusikiliza, alikulea.

Mama yako