Kuwa na sifa ya kuomba mkopo si kuwa na hakika ya kuupata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalorudi kila mwaka pindi matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nalo ni jinsi familia nyingi zinavyochanganya mambo matatu yasiyofanana: kuwa na sifa ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuwa mhitaji wa kiwango cha kupangiwa mkopo huo, na kufaulu kwa kiwango cha kupewa ufadhili usiorejeshwa. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwasaidia vijana wa hapa kwetu Korogwe kujaza maombi yao. Hukaa nao kwenye duka moja la steshenari karibu na stendi, wao wakiwa na simu na bahasha za vyeti, mimi nikiwa na miwani yangu. Ninayoyaandika hapa nimeyaona ndani ya bahasha hizo.

Nianze na neno lenyewe, sifa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hutoa mwongozo kila mwaka kabla ya kufungua dirisha la maombi. Mwongozo huo husema ni nani anayeruhusiwa kuomba: awe Mtanzania, umri wake usizidi miaka 35, awe amedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambuliwa, asiwe na kipato cha ajira au biashara cha kumwezesha kujilipia, na awe amemaliza kidato cha sita au elimu inayolingana nacho ndani ya miaka mitano iliyopita. Kijana husoma orodha hiyo, akaona kila kipengele kinamhusu, akawaambia wazazi wake kwamba mkopo ameupata. Hajaupata. Alichokipata ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni, na foleni hiyo ina watu wengi kuliko fedha zilizopo, ndiyo maana waombaji hupimwa na kupangwa kwa kadiri ya uhitaji wao.

Kipimo hicho cha uhitaji ndicho kinacholeta ugomvi mitaani. Mwaka mmoja vijana wawili wa mtaa wetu waliomba pamoja. Wa kwanza alikuwa na daraja la kwanza, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, naye alisoma shule ya binafsi tangu darasa la kwanza. Wa pili alikuwa na daraja la pili, yatima wa baba, na mama yake yumo katika orodha ya kaya maskini zinazohudumiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Wa pili alipangiwa mkopo katika awamu ya kwanza. Wa kwanza alisubiri awamu zote zikaisha, akakata rufaa, asipate kitu. Mtaani ikasemwa kwamba kuna kujuana. Sikuona kujuana kokote pale. Mkopo si zawadi ya kufaulu, na daraja la kwanza halimfanyi mtoto wa mwenye duka kuwa mhitaji kuliko mtoto wa mjane. Kufaulu humfikisha mtu chuoni, lakini suala la nani asaidiwe kulipa huangaliwa kwa uyatima, ulemavu, hali ya kaya, historia ya nani alimlipia ada shuleni, na pia kozi aliyochaguliwa, kwa kuwa kozi hupangwa kwa vipaumbele vya taifa.

Kuna mahali ambapo kufaulu ndiko kunakoangaliwa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipozidi miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali ilianzisha ufadhili unaojulikana kwa jina la Samia, kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Huo haurejeshwi. Kigezo chake kikubwa ni ufaulu wala si umaskini, na anayeupata hutakiwa kuudumisha ufaulu wake chuoni ili aendelee kuupata. Walionufaika mwaka wa kwanza walikuwa mamia tu nchi nzima. Nimewahi kumsikia mzazi akimwambia mwanawe aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza asihangaike kuomba mkopo kwa sababu "mama ataleta ufadhili", akimaanisha Rais Samia. Nililazimika kumkalisha chini na kumweleza kwamba ufadhili huo haumgusi mwanawe kwa namna yoyote, na kwamba zilikuwa zimebaki siku tisa tu dirisha la mkopo lifungwe.

Sasa nije kwenye kiini cha barua hii. Uhitaji hupimwa kwa ushahidi, na ushahidi ni makaratasi. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa aliyezaliwa huko. Kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Kama ana ulemavu, au mzazi wake ana ulemavu, fomu iliyothibitishwa na daktari. Kama alisomeshwa na mfadhili, barua ya mfadhili huyo. Kama kaya yake imo TASAF, namba ya kaya. Ukiwa mjini na baba yako alifia hospitalini, hayo yote ni kazi ya wiki mbili. Ukiwa kijijini ni habari nyingine kabisa, maana umaskini uleule unaomfanya mtoto astahili mkopo ndio uliomnyima karatasi za kuuthibitisha.

Niliwahi kumpokea binti mmoja kutoka vijiji vya huku milimani ambaye baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba alifia nyumbani, akazikwa kesho yake nyuma ya nyumba, na wazee waliohudhuria maziko wapo hai mpaka leo. Kijiji kizima kinajua kwamba binti huyo ni yatima. Lakini hapakuwa na kibali cha mazishi, wala taarifa ya kifo iliyoandikwa popote, wala cheti. Kwa hiyo mbele ya mfumo wa maombi baba huyo alikuwa bado yu hai, na tena mwenye nguvu za kulipa ada. Tulipoanza kukitafuta cheti ilikuwa katikati ya Julai. Kwanza ilitakiwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha ya mtendaji wa kijiji, kisha safari ya makao makuu ya wilaya, ambako ilionekana kwamba jina la baba kwenye cheti cha binti limeandikwa tofauti na lilivyoandikwa kwenye barua ya kijiji, herufi moja tu, na herufi hiyo moja ikawarudisha mwanzo. Dirisha lilifungwa kabla cheti hakijatoka. Aliomba mwaka uliofuata, akapangiwa. Mwaka mzima wa ujana wake ulikwenda kwa karatasi ambayo ingeweza kutafutwa akiwa kidato cha pili.

Wapo pia watoto ambao baba zao hawajafa wala hawapo. Mama amelea peke yake miaka kumi na nane, baba alikwenda Dar es Salaam au machimboni akapotelea huko, na fomu inauliza taarifa za wazazi wote wawili. Mama wa namna hii huona aibu kusema, hivyo kijana hujaza jina la baba, na mahali pa kazi yake huandika alichosikia zamani, kwamba ni "mfanyabiashara". Neno hilo moja humwonyesha kuwa mtoto wa mwenye uwezo. Nawaomba akina mama waliolea peke yao waseme ukweli wa hali yao kwa maandishi, mbele ya viongozi wa mtaa, tena mapema, wala wasiwaachie watoto waandike la kuwapendeza watu.

Najua kwamba mambo yanabadilika. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulianzia Mbeya mwaka 2013 na umeenea mikoa mingi, kwa hiyo wengi wanaozaliwa sasa hawatakumbana na adha ya kutafuta cheti cha kuzaliwa. Lakini wanaomaliza kidato cha sita leo walizaliwa kabla ya mpango huo kuwafikia. Kizazi hiki cha katikati ndicho kinachohitaji kushikwa mkono.

Yapo makosa madogo ambayo nayataja kwa haraka kwa sababu yanaepukika. Namba ya mtihani wa kidato cha nne anayoombea mkopo lazima iwe ileile aliyoombea udahili wa chuo. Waliorudia mtihani wana namba zaidi ya moja na huzichanganya. Fomu ikishachapishwa hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa hupandishwa tena kwenye mfumo. Nimekuta fomu zisizo na mhuri, na moja ambayo mdhamini alisaini mahali pa mwombaji. Na ada ya maombi, shilingi 30,000, hairudishwi hata kama mtu amekosea au amekosa.

Akishapangiwa, kijana ajue amepangiwa nini. Mkopo una vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Mwingine hupata chakula na malazi kikamilifu huku ada akipata sehemu tu, na mzazi aliyeambiwa "amepata mkopo" hushangaa kuona chuo kinadai salio. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutolewa kwa mafungu. Ukichukua siku 240 za masomo kwa mwaka, hiyo ni shilingi 2,400,000. Kwa kozi ya miaka mitatu ni 7,200,000 kabla hujaweka hata shilingi moja ya ada. Nayataja haya kwa sababu bumu la kwanza huingia mkononi mwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika laki mbili zake mwenyewe, na sijamsikia mtu akimwambia siku hiyo kwamba anatia saini deni.

Deni hilo lina masharti ambayo yangepaswa kusomwa kabla na wala si baada. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi, na kama deni lake ni shilingi milioni 12, atalilipa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa. Ilikuwa nafuu ya kweli. Nawafahamu walimu waliokuwa wakikatwa miaka nenda rudi huku deni likikua. Lakini nafuu hiyo imezaa uvumi kwamba deni lenyewe limesamehewa, na uvumi huo si kweli. Aliyejiajiri au asiyefuatwa na mtu yeyote bado anadaiwa, na fedha anazorejesha ndizo zinazochangia kuwakopesha wanaofuata.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa wakuu wa shule za sekondari za juu: mwanafunzi anaporipoti kidato cha tano, pamoja na kudaiwa godoro na jembe, akaguliwe cheti cha kuzaliwa na, kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi, na majina yalinganishwe na yaliyo kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Hapo patakuwa na karibu miaka miwili ya kusahihisha herufi moja. La pili ni kwa halmashauri na RITA: ofisi ya usajili ifunge safari ya kwenda shuleni walau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa kumpeleka mwanafunzi mmoja mmoja wilayani ni gharama ambayo mjane hanayo, ilhali afisa mmoja mwenye kompyuta anaweza kuhudumia bweni zima kwa siku mbili. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada nao wameanza kukopeshwa, jambo linalomaanisha kwamba hata waliomaliza kidato cha nne na kwenda vyuo vya kati watahitaji makaratasi hayohayo, tena wakiwa na umri mdogo zaidi.

Kwa vijana wa Korogwe na vijiji vya jirani, mimi nitakuwa palepale steshenari, Jumamosi asubuhi, wala sitozi kitu. Kila mtu aje na bahasha yake. Na ambaye mzazi wake alifariki bila cheti, tafadhali asisubiri matokeo. Aje kabla ya Pasaka.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga