Mlinitoza Pesa za Rejeta kwa Gari Lisilo na Rejeta

Kwa Meneja wa Huduma,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bibi,

KUH: HUDUMA MBOVU KWA INJINI YA PORSCHE 911T YA MWAKA 1970

Ankara yenu ina mstari unaosema: "Kusafisha rejeta na kubadilisha kulanti, shilingi 4,800." Nililipa kwa sababu jioni ilikuwa imeingia na funguo zangu zilikuwa nyuma ya kaunta yenu. Lakini gari hili halina rejeta ya kupozea maji ya injini, wala halijawahi kuwa nayo. Injini yake ya lita 2.2 hupozwa na oili pamoja na feni kubwa inayopuliza hewa kwenye silinda zote sita. Hiyo kulanti, maji ya kupozea injini, mliimimina wapi?

Hilo ningelicheka nikaliacha lipite, kama kazi niliyowaletea ingefanywa ipasavyo. Niliomba vali zipimwe, kisha taiming (wakati wa cheche kuwaka), kisha kabureta (zinazochanganya petroli na hewa), kwa mpangilio huo, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi ya kazi. Iliandikwa pia kwamba gari linakaa Nakuru.

Nililileta mchana moja kwa moja kutoka safarini, injini haishikiki kwa moto. Kadi yenu inaonyesha fundi alianza vali saa hiyo hiyo. Vali za injini hii hupimwa ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku kucha, na nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma ni milimita 0.10. Ikipata moto, silinda na vichwa vyake hutanuka na ile nafasi huongezeka. Mtu akiipima 0.10 ikiwa moto, ikija kupoa nafasi inaisha na vali haifungi sawasawa.

Ndicho kilichotokea. Asubuhi yake ilipowashwa kwenye uwanja wenu ilianza kupiga mishindo na kutema kupitia kabureta. Dalili hiyo mara nyingi huwa ya petroli kidogo na hewa nyingi, kwa hiyo sishangai fundi alikimbilia huko. Akafungua zile kabureta mbili za Weber, akatoa jeti zangu, vile vitundu vinavyopima petroli, na kutia kubwa zaidi. Kufikia hapo injini ilikuwa imeshapata moto, nafasi za vali zimerudi, mishindo ikakoma yenyewe. Jeti zikapewa sifa ya kazi ambayo hazikufanya.

Nikaondoka. Mpaka Ahero hakuna shida. Baada ya Awasi mlima ukaanza, na tulipopita Kapsoit moshi mweusi ulikuwa unafuka nyuma kama jiko la kuni mbichi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kericho imepita 2,000, na Nakuru ninakoishi ni karibu 1,850. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata jeti zilizofaa kule ziwani huku humwaga petroli kupita kiasi, seuze hizo kubwa zenu! Nilipofika nyumbani nilitoa plagi, zote sita zimefunikwa masizi makavu, yakikwanguliwa kwa ukucha yanatoka.

Fundi mmoja wa hapa Nakuru, aliyezeekea kwenye Kombi za zamani za Volkswagen, ambazo injini zake nazo hupozwa kwa hewa, aliliacha lipoe hadi asubuhi ndipo akashika spana. Fila ya 0.10, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, haikuingia kwenye vali yoyote ya kuingiza hewa. Kisha akalala chini ya gari akaniita nitazame. Vali za kutoa moshi ziko upande wa chini, chini ya vifuniko vyake, na nati za vifuniko hivyo zilikuwa bado zimefunikwa tope la zamani lililoganda na oili. Hakuna spana iliyozigusa. Ninyi mmenitoza vali 12. Picha nimeziambatisha.

Oili nayo mlizidisha, kwa kuwa mliipima injini ikiwa imezimwa na imepoa. Oili ya injini hii hukaa kwenye tangi la pembeni, na hupimwa ikiwa moto, inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Ziada ilirudi hadi kwenye vichujio vya hewa.

Nilipopiga simu niliambiwa kwamba magari haya "hayakuundwa kwa barabara zetu." Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza Safari Rally wa pili akiendesha 911, nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka 1978 Vic Preston Jr naye akawa wa pili, kwa 911 vilevile. Barabara zetu haziwezi kusingiziwa tope lililobaki kwenye nati.

Ninadai mnirudishie shilingi 4,800 za rejeta na malipo yote ya vali na kabureta, na mnilipe gharama ya fundi aliyerudia kazi. Risiti yake imo humu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa na fidia anapopata hasara. Nasubiri jibu la maandishi katika siku 14. Sitalileta gari kwenu tena.

Pia nataka jeti zangu za zamani. Hazikuwa kwenye gari wala kwenye mfuko wa vipuri mlionikabidhi. Zifungeni vizuri mzitume Nakuru kwa parseli, gharama juu yenu.

Wako mwaminifu,
Mwenye 911T, Nakuru