Jumamosi: filamu ya Chaplin

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa moja usiku tunatazama The Great Dictator ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1940. Mkumbuke Hitler alijitwalia cheo cha Führer, yaani Kiongozi, Agosti 1934, Rais Hindenburg wa Ujerumani alipofariki, na wanajeshi wakaapishwa kumtii yeye binafsi. Kwenye filamu anaitwa Hynkel, na cheo chake ni "Phooey", neno la Kiingereza la dharau linalomkejeli "Führer".

Tafadhali msikose anapocheza na puto la dunia: analirusha kwa kichwa, hata kwa makalio, mpaka linampasukia mikononi, naye anaangua kilio. Kwangu mimi pale pana uzito kuliko hotuba ya mwisho.

Baadaye Chaplin aliandika kwamba angejua unyama wa makambi ya mateso ya Wanazi, asingeitengeneza filamu hii. Hilo tutalijadili, kwa hiyo msiondoke mapema.