Barua kwa mwanangu aliyeko Kairo

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Barua yako imetufikia salama, na mama yako aliisoma mara mbili kabla ya kuniachia. Sote hapa Tanga ni wazima. Tumefurahi kwamba umepata chumba karibu na Al-Azhar, ila kuna sentensi moja iliyonifanya nishike kalamu usiku huu huu: umeandika kuwa Kairo ilijengwa na jemadari Jawhar mwaka 969. Kwa upande wa jina hujakosea, lakini Jawhar alipofika alikuta mji uliokwisha kuishi zaidi ya miaka 300, na ningependa uujue tangu shina lake.

Anzia kusini, kwenye mabaki ya ngome ya Warumi iitwayo Babiloni, ambayo si Babeli ile ya Iraki. Mahali pale palichaguliwa kwa makini, kwa sababu ni karibu na hapo bonde jembamba la Nile linapokwisha na mto kuanza kugawanyika kuelekea baharini, na kisiwa cha Roda kilicho katikati ya maji kilirahisisha kuvuka, hivyo kwamba aliyeishika ngome hiyo aliishika Misri ya juu na ya chini kwa mkono mmoja. Amr bin al-As, jemadari wa Waislamu, aliizingira mwaka 640, ikasalimu amri mwaka uliofuata, naye akaliweka jeshi lake nje ya kuta zake, kila kabila likapewa kiwanja chake, akajenga na msikiti. Mji mkuu wa wakati huo ulikuwa Aleksandria, wenye majumba na fahari, lakini wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba Khalifa Umar, aliyekuwa Madina, hakutaka maji yamtenge na askari wake. Hivyo kambi ikageuka mji, ukaitwa Fustat. Amr aliufukua pia mfereji wa kale uliounganisha Nile na Bahari ya Shamu, ili nafaka ya Misri iweze kufika Uarabuni kwa majahazi.

Utasimuliwa kwamba jina Fustat, yaani hema, limetokana na njiwa aliyetaga mayai katika hema la Amr, naye akakataa ling'olewe. Wataalamu wengine wanalirejesha kwenye neno la Kirumi lenye maana ya handaki au kambi iliyozungushiwa handaki. Hadithi ya njiwa ni nzuri na naipenda, lakini nawaamini hawa wa handaki, maana mji wenyewe ulizaliwa kutokana na jeshi.

Baada ya hapo kila mtawala mpya alijenga upande wa kaskazini wa yule aliyemtangulia. Waabbasi, ukoo wa makhalifa, walijenga Al-Askar. Gavana Ahmad bin Tulun akajenga Al-Qatai mwaka 870, na mji huo ulipobomolewa mwaka 905 uliachwa msikiti wake peke yake, ambao umesimama hadi leo, usiache kuuona.

Ndipo akaja Jawhar, jemadari wa Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Kishia waliotoka Afrika Kaskazini. Bila shaka umekwisha kusikia kisa cha kunguru: kwamba wanajimu walifunga kengele kwenye kamba kusubiri saa ya heri ya kuchimba msingi, kunguru akatua juu ya kamba, kengele zikalia, na mafundi wakaanza kazi wakati nyota ya Mirihi, Al-Qahir, inachomoza, ndipo mji ukaitwa Al-Qahira, yaani Kairo. Usikipokee, mwanangu. Mwanahistoria Al-Masudi, aliyefariki kabla ya Jawhar kuingia Misri, alikwisha kusimulia kisa kama hicho kuhusu kujengwa kwa Aleksandria. Tena mji wa Jawhar uliitwa kwanza Al-Mansuriyya, na haukupewa jina la Al-Qahira mpaka khalifa Al-Muizz alipowasili mwaka 973. Maana yake ni mshindi, na lina asili moja na Al-Qahhar katika majina ya Mwenyezi Mungu uliyohifadhi tangu chuoni.

Al-Qahira hiyo ilikuwa mji wa khalifa, maofisa wake na askari wake, wenye kuta na malango, na ndani yake ukajengwa msikiti wako wa Al-Azhar, uliokamilika mwaka 972. Wachuuzi, wafinyanzi, waandishi na mabaharia waliendelea kuishi Fustat. Miji hiyo miwili ilikaa hivyo kwa karibu miaka 200, hadi mwaka 1168, waziri Shawar alipoamuru Fustat ichomwe moto isije ikaangukia mikononi mwa Wanamsalaba, wapiganaji Wakristo kutoka Ulaya. Inasimuliwa kuwa iliungua siku 54. Wakimbizi waliingia Al-Qahira, na Salahuddin, aliyeitawala Misri baada ya Wafatimi na kuanza kujenga ngome yake kilimani mwaka 1176, akakusudia kuizungushia miji yote miwili ukuta mmoja. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, Kairo unayoijua ilipozaliwa.

Ijumaa ijayo nenda ukasali katika msikiti wa Amr. Umejengwa upya na kupanuliwa mara nyingi, lakini mahali pake ni palepale, na ulipojengwa ulikuwa karibu na ukingo wa Nile, kabla mto haujasogea magharibi. Ukitoka, tembea hadi majini ukihesabu hatua, kisha uniandikie ni ngapi.

Baba yako