Idi Mubarak wana Ngamiani, na ile sahani ya Mama Ticha

Asalam aleikum jamani, Idi Mubarak kwenu nyote wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na nyie mlioko Dar mnaosema mnakuja kila mwaka halafu hatuwaoni. Mwezi umeandama, kina mama hawajalala, harufu ya pilau imenifuata mpaka hapa dukani. Nimefungua baada ya swala kwa masaa mawili tu maana watoto wa Idi na baiskeli zao mnawajua, huyu tairi halina upepo, huyu cheni imechomoka, na wote wana haraka ya kwenda Raskazone kabla mvua haijashuka.

Sasa mwaka huu kuna kitu kimenikaba. Mama watoto kapakua sahani za majirani kama kawaida, kazigawa, ikabaki moja. Tukatazamana. Ilikuwa ya Mama Ticha.

Kwa vijana msomjua, huyu alikuwa mwalimu wetu, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, kaingia kazini enzi za UPE, ile 1977 serikali ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakafundishwa ualimu huku wanafundisha. Watu wakawacheka, ati UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu, na yeye utani huo alikuwa anakuwahi kuusema kabla hujaufikiria. Si wanasema Tanga waja leo waondoka leo? Huyu alikuja na sanduku moja la bati akakaa mpaka umri wa kustaafu, na kustaafu kwenyewe ndo kwanza baraza lake likajaa watu.

Maana shuleni yeye ndo alikuwa wa ushauri nasaha, wakati kwa walimu wengi ushauri nasaha ulikuwa ni fimbo. Ukimpelekea shida yako anakusikiliza, ukimaliza anakwambia "na jingine?" halafu ananyamaza anachambua mchele wake. Ananyamaza kweli, mpaka unasikia punje zinavyoanguka kwenye ungo.

Mie 1993 jina langu halikuwemo kwenye orodha ya sekondari. Nafasi zenyewe zilikuwa za kuhesabu, darasa letu zima walipita wawili. Akaja nyumbani, nikamwambia naumia sikuchaguliwa. Na jingine? Nikasema rafiki yangu kachaguliwa. Na jingine? Hapo nikaanza kulia, nikasema ami keshaniwekea nafasi kwenye mashua yake na mie bahari naiogopa, na sijamwambia mtu, mtoto wa kiume wa Tanga unaanzaje kusema unaogopa bahari? Hakucheka. Kesho yake akaenda kwa ami, walichoongea sikijui mpaka leo, wiki ya pili nikawa nashika spana kwa fundi baiskeli. Ndo hili duka.

Na sahani yake haikuwahi kurudi tupu. Idi si inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, basi mie miaka naikumbuka kwa alichorudishia. Mwishoni mwa miaka ya 90 Idi ya Ramadhani iliangukia Januari, zilikuwa plamsi za kwao Lushoto, tulikula mpaka meno yakafa ganzi. Miaka mingine mapeasi. Mwaka mmoja kabichi zima limekaa juu ya sahani kama mgeni, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Siku tulipompandisha kwao kumzika tulijaza Kosta mbili, wazee wa mtaa na kanzu zao, kutoka Mombo zile kona kuna mzee (simtaji, leo sikukuu) alitapika njia nzima na kushuka hataki, anasema yule mwalimu kamsomeshea watoto watano.

Asubuhi hii kaja katoto kanataka sikukuu yake, kamenuna, nikajaribu na mie, "na jingine?" Hata nusu dakika sikufika, nishaanza kukashauri. Kamechukua mia tano yake kakaondoka.

Haya, mdogo wake Mama Ticha kashuka juzi, yuko palepale nyumbani. Saa nne nafunga, sahani nampelekea mwenyewe. Mlio karibu pitieni, ila msiende wote kwa mpigo, viti ni vilevile vinne na kimoja nakijua, mguu haujatengenezwa.